Nyuzi Tano Katika Mashine Moja

Mimi sijui kutulia. Hata nikikaa, mguu wangu mmoja hutikisika chini ya meza, na mume wangu aliponichumbia alidhani ni baridi, akanivulia koti lake. Halikuwa suala la baridi. Kazi yangu nayo haikunisaidia. Ninaandika programu za kompyuta, sina ofisi, na wakati ninaoukumbuka hapa wateja wangu walikuwa wametawanyika Eastlands, mashariki mwa Nairobi: huyu Kariobangi, yule Eastleigh, mwingine hapo hapo Huruma chini ya dirisha langu. Asubuhi ningekuwa katika karakana ya vyuma nikipiga kelele ili nisikike, saa sita niko katikati ya vitambaa vya jumla First Avenue, na jioni napanda ngazi za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, hadi ghorofa ya nne huku nikijiuliza ni nani sijamjibu.

Kompyuta iliyobeba kazi hizo zote ilikuwa moja, tena kuukuu. Ilikaa chini ya meza ya chumba chetu, ikitupulizia hewa moto miguuni. Ninaposema chumba nina maana ya chumba kimoja: kitanda, pazia, kochi, jiko la gesi, meza, na mlango unaofungwa kwa komeo ndani.

Wateja walikuwa wanne. Mwenye ploti alitaka kujua kila mpangaji ametumia maji kiasi gani. Fundi wa mageti na vitanda vya chuma kule Kariobangi alitaka kufuata oda zake, maana zilikuwa zinamchanganya. Kanisa letu lilitaka matangazo ya kwaya na ibada yawafikie washirika kwa simu. Na duka la vitambaa Eastleigh lilitaka kujua majora mangapi ya kitambaa gani yamebaki stoo.

Programu za aina ninayoandika haziendi moja kwa moja kwenye kompyuta. Huishi ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kufikirika iliyowashwa ndani ya ile ya chuma. Njia ya heshima ni kuipa kila programu mashine pepe yake. Shida ni kwamba kila mashine pepe huja na mzigo wake wote, kama mpangaji anayehamia na tangi lake la maji, jiko lake na kabati lake, hata kama anachotaka ni kuchemsha chai tu. Nilijaribu kuwasha nne kwa pamoja. Kompyuta ilikwama, ikanguruma, mume wangu akasogeza kiti mbali nayo.

Basi nikafanya wanavyofanya watu wa ploti. Niliwasha mashine pepe moja, nikaziingiza programu zote nne humo, kila moja ikaenda kwa uzi wake. Uzi ni mfululizo wa kazi unaojiendea wenyewe: huu unasoma mita, ule unatuma tangazo la kwaya, na kompyuta inarukaruka baina yao upesi kiasi kwamba kila mmoja unadhani uko peke yake. Niliweka vizuizi ili vitu vya huyu visigongane na vya yule. Ilikubali. Niliipenda ile mashine kwa sababu ilifanana nami, haitulii lakini inafika.

Vizuizi vyenyewe, hata hivyo, vilikuwa pazia tu, havikuwa ukuta. Walio ndani walikula kumbukumbu moja na kupumua hewa moja. Nililijua hilo, na kila siku nililiangalia kwa simu nikiwa njiani, dukani, hata kanisani wakati wa mahubiri.

Kisha mama yangu akaugua. Kule nyumbani, magharibi, walimpasua titi, wakamwambia lililobaki ni tiba ya mionzi Nairobi, kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Daktari alisema bila kuzunguka: akikatiza katikati, ugonjwa utarudi na wao hawatakuwa na la kufanya. Hakuweza kwenda na kurudi kijijini kila siku. Ilibidi akae Nairobi, na Nairobi alikuwa na mimi peke yangu.

Nilijua atakachosema kabla hajakisema. Kwetu, mama halali katika nyumba ya mume wa bintiye. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hugeuka apite kando. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, lakini heshima nzito mno, na nimekua nikiiona ikifanya watu wazima wajifiche nyuma ya migomba. Nilipoolewa mama alikuja Nairobi mara moja. Alisimama chini ya ploti, akatazama dirisha letu kule juu, akasema ni pazuri, akaomba apelekwe steji ya mabasi.

Mama huzungumza nami kwa lugha ya kwetu. Hapa ninamwandika kwa Kiswahili.

"Nitalala hospitalini," aliniambia kwa simu. "Nasikia kuna watu hulala kwenye korido."

"Kwenye sakafu? Na kidonda hicho?"

"Kwani mimi ni wa kwanza?"

Hasira zangu ziko karibu. Nilikuwa nimesimama barabarani Kariobangi, na mchoma mahindi aligeuka kunitazama nilipopaza sauti. "Mama, sikiliza. Hii nyumba si ya mkwe wako. Ni ya landilodi. Hata msumari hatuwezi kugonga ukutani bila kumwomba. Wewe unakuja kulala kwa landilodi."

Nilimsikia akimfukuza kuku mlangoni.

"Kwa landilodi naweza kulala," akasema. "Lakini huyo mtu wako nisimkute humo."

Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, zamu ya mchana. Nilipomweleza, alikuna kichwa kidogo tu.

"Nitaomba supervisor anipeleke night," alisema.

"Na vile unachukia night?"

"Sasa tutado nini? Huyo ni mathe yako. Nikae zamu ya mchana, usiku nimfukuze?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi kwa kupishana. Nyuzi mbili zikitaka kitu kimoja, mimi huweka kufuli: aliyeingia anafunga, mwingine anangoja nje mpaka afungue. Chumba chetu kikawa na kufuli la namna hiyo. Asubuhi nilitoka na mama kwenda hospitalini, na mume wangu, aliyetoka kazini, alingoja kwenye kibanda cha chai akiwa ametazama ukuta. Mama alijua yupo. Alikuwa akivuta leso mbele ya uso na kuharakisha mwendo. Tukishapita pembe, mume wangu alipanda juu, akafunga komeo, akalala. Mchana, kabla mama hajarudi, alitoka kwenda kukaa uwanjani na wenzake mpaka saa za kazi. Mama alilalia godoro jipya nyuma ya pazia. Kitanda chetu hakukigusa hata kwa kuegemea.

Wiki za kwanza nilikaa naye hospitalini hadi amalize. Kisha simu za wateja zikazidi, na yeye mwenyewe akaniambia nisimfanye mtoto, basi analijua na pa kushukia anapajua. Nikawa namfikisha asubuhi, nakwenda zangu, naye anarudi mwenyewe. Tulipatana hivi: akimaliza ananiflashi, yaani anapiga na kukata kabla sijashika, nami nampigia mume wangu atoke.

Mtu atauliza kwa nini asimpigie mume wangu mwenyewe. Nilimwuliza kama nimwekee namba yake. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

Siku moja nilikuwa karakanani, mashine za kukata chuma zikilia, sikusikia simu. Nilipoitazama, mama alikuwa ameshaflashi kitambo. Nilimpigia mume wangu nikipiga mayowe. Alitoka mbio, shati nje ndani, na mama alipomwona akitokea getini alijificha nyuma ya mkokoteni wa kabeji mpaka apite. Waliniambia kila mmoja kwa wakati wake, wote wakicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona mama akirudi kijijini kwa aibu na matibabu yakiwa nusu, na kwa siku kadhaa sikuweza kuweka simu chini hata nikila.

Nikaamua kazi hiyo aifanye asiyesahau. Kompyuta ilikuwa tayari na modemu yenye laini ya simu, ile ya matangazo ya kanisa. Niliandika programu ya tano, ndogo kuliko zote, nikaiingiza kwenye mashine pepe ile ile kwa uzi wake. Mama akiflashi laini hiyo, uzi unatambua namba yake na kumpigia mume wangu, na kurudia kumpigia, mpaka ashike.

"Kwa hiyo kompyuta iko chini ya meza itanipigia mimi niko kwa kitanda," mume wangu alisema. "Si ikohoe tu?"

"Spika yake ilikufa."

"Basi inirushie kiatu."

Mama aliipenda zaidi. Alisema kumbe kompyuta yangu ina adabu. Ilifanya kazi kila siku bila kukosea, nami nikaanza kupumua, kwa kiwango changu cha kupumua.

Siku mambo yalipoharibika nilikuwa Eastleigh. Nilikuwa nimemwacha mama kwenye foleni ya mionzi, na hata sijafika dukani simu ikaita.

"Dada, hii kitu yako imezima," alisema mwenye duka. "Wateja wamejaa hadi mlangoni, mimi nauza nini?"

Programu ya duka lake sikuwa nimeiandika mimi. Aliinunua kwa jamaa mmoja aliyehamia ughaibuni, ikaja imefungwa tayari kama kifurushi, na mimi niliichukua tu nikaiweka pamoja na nyingine. Nilijaribu kuifikia kompyuta ya nyumbani kwa simu. Haikujibu. Nikajaribu ya maji, ya kanisa, ya karakana. Kimya. Nikasema ni stima, umeme wa Huruma hupotea bila kuaga, utarudi. Mama hakuwa akirudi kabla ya saa nane, na saa nne ilikuwa haijafika. Nilimwacha mume wangu alale. Nikapanda ngazi za stoo nikaanza kuhesabu majora kwa mkono, nikishuka kila mara kumpigia kelele msaidizi wa duka kwamba hariri ya bluu iko, aache kuwafukuza watu.

Simu ya mume wangu ilinikuta juu ya ngazi.

"Kuja," alisema. "Mathe ameanguka."

Yaliyotokea niliyapata vipande vipande, mengi kutoka kwa jirani wa ghorofa ya tatu, mama mmoja wa kukaanga chapati. Mashine ya mionzi iliharibika asubuhi ile na wagonjwa wakaambiwa warudi kesho yake. Mama aliflashi ile laini akiwa getini mwa hospitali. Akaflashi tena kwenye basi, na tena aliposhuka. Flashi haina jibu, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua kama imesikika. Alipanda ngazi polepole, na alipofika mlangoni akaona viatu vya mume wangu vya kazini viko nje.

Hakubisha. Aliteremka ngazi chache akaketi, kichwa kwenye reli. Yule jirani alimkuta hapo akamwambia agonge mlango.

"Siwezi kumwamsha mtu aliyetoka kazini," mama alimjibu.

"Basi njoo kwangu ulale kidogo."

"Nangoja mtu. Atafika sasa hivi."

Jirani alimletea maji. Jua lilikuwa limeingia kwenye ngazi kupitia tundu za ukuta, na mionzi ilikuwa imeshamchosha, tangu wiki iliyopita alikuwa akila vijiko viwili tu na kusukuma sahani. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akasikia komeo likifunguliwa juu yake.

Aliinuka haraka ili mlango usifunguliwe yeye akiwa pale. Ndicho kilichomwangusha. Alikuwa akimkimbia mkwe wake ili asimwaibishe, leso ikanasa chini ya kiatu, akaporomoka mpaka kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu.

Mume wangu alitoka na kaptura, kifua wazi, miguu mitupu, kama mtu aliyeamshwa na kiu. Jirani anasema alisimama ngazi ya juu na hakusogea. "Nilidhani hajaona," aliniambia. Alikuwa ameona. Alitazama huku na huku atokee mtu mwingine, yeyote, na hakukuwa na mtu ila mama huyo wa chapati ambaye hata mtungi wa maji hupandishiwa na wengine. Ndipo mama yangu alipoguna. Mume wangu alishuka, akapiga magoti, akamwinua mama mkwe wake mikononi, akamshusha ghorofa zote hivyo hivyo kifua wazi, watu wa ploti wakitoka milangoni na kurudi ndani kwa heshima walipoelewa wanachokiona.

Nilimkuta nje ya geti la hospitali. Alikuwa amevaa jaketi la kungʼaa la waendesha boda boda; aliyewabeba alimhurumia akamvisha lake. Chini bado hakuwa na viatu.

"Ni mguu," alisema. "Kifundo kimevunjika. Kichwa wameangalia, iko sawa." Alijifuta uso kwa mkono wa jaketi. "Skia. Usimwambie ni mimi. Mwambie ni mtu wa boda alimbeba. Alikuwa amefunga macho, hakuniona."

"Watu wote wa ploti wamekuona."

"Hao hawatasema. Wewe mwambie ni boda."

Ndani, mama alikuwa amelala akitazama ukuta, mguu ndani ya plasta ngumu. Nilimshika mkono, akauacha ushikwe.

"Kesho nitafutie basi," alisema.

"Basi la wapi?"

"La nyumbani. Imetosha."

Nilimkumbusha daktari alichosema. Akasema amesikia. Nikamwambia atakufa. Nilisema neno hilo kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Mama alifunga macho. Akaniambia kuna mambo yakishatokea mtu hawezi kurudi katika ngazi zile zile na kusema habari za asubuhi. Nilitoka wodini kabla sijamfokea mtu mwenye plasta.

Nilikwenda nyumbani kumchukulia nguo. Stima ilikuwepo. Taa ya kompyuta ilikuwa ikiwaka na feni yake ikizunguka bila wasiwasi wowote. Niliwasha kioo nikasoma maneno ya mwisho ya mashine pepe, na hapo nikaelewa.

Programu ya duka ilikuwa imekutana na jora lisilo na rangi iliyoandikwa. Haikujua la kufanya. Na ikishindwa kujua la kufanya, badala ya kujifunga yenyewe, hutoa amri ya kuifunga mashine pepe nzima. Jamaa wa ughaibuni alipoiandika ilikuwa inakaa peke yake, na anayeishi peke yake akizima taa zote anapotoka hamkosei mtu. Lakini hapa kulikuwa na wengine wanne ndani. Mita za maji, oda za vitanda, kwaya, na ule uzi mdogo uliokuwa ukimngoja mama aflashi, zote zilizimwa pamoja kwa sababu ya kitambaa kisicho na rangi. Niliitukana programu ile kwa lugha zote ninazozijua, na Eastlands imenifundisha nyingi. Nilitaka kumpigia yule jamaa huko aliko nimwambie kuna mwanamke ana plasta kwa ajili yake.

Badala yake niliitoa. Niliipa mashine pepe yake peke yake, kompyuta ingurume ikitaka, na zile nne nikaziwasha upya pamoja. Nilikosea nywila yangu mwenyewe. Zilipoanza kwenda nilibaki nimesimama katikati ya chumba nikiwa na nguo za mama begani, nikijua kwamba nimetengeneza kila kitu isipokuwa kitu chenyewe.

Niliporudi wodini mama alikuwa ameketi, wamemwegemeza kwa mto. Nilianza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Nani alinileta?" aliuliza.

Mimi si mwongo mzuri. Mguu wangu ulianza. "Mtu wa boda," nikasema.

"Mwenye jaketi la kungʼaa."

"Ndiyo huyo."

"Huwa wanaendesha boda miguu mitupu siku hizi?"

Nilikunja sweta kwa mara ya tatu. Nje ya dirisha mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa, na mama alisikiliza mpaka yule mtu akanyamaza.

"Ni mtu wa boda," mama akasema, kama anayetoa uamuzi barazani. "Amenibeba vizuri. Hakunitikisa hata kidogo. Mwambie nimeshukuru."

"Nitamwambia."

"Na umwambie aache kulia. Machozi yake yalikuwa yakinidondokea machoni, nikashindwa hata kuendelea kuyafumba."

Nilikaa kitandani kwake. Nililia mimi sasa, bila mpango, na yeye akanipigapiga mgongoni kwa mkono wa upande ambao haukupasuliwa kama alivyonifanyia nikiwa mdogo, akiniambia nitaiangukia plasta.

"Ile mashine yao ya mionzi wameitengeneza?" aliuliza baadaye.

"Kesho itakuwa tayari."

"Na landilodi wako hajajenga lifti?"

"Hajajenga."

"Basi muulize huyo wa boda kama ana nafasi asubuhi."

Mume wangu alirudisha jaketi la watu, akanunua lake. Kila asubuhi alitoka kiwandani, akalivaa pale kwenye kibanda cha chai juu ya shati la kazi, akapanda hadi mlangoni kwetu na kuchutama akiwa ametupa mgongo. Nilimsaidia mama kuruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni, nikampandisha. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walishuka ghorofa nne bila neno, na chini gari lilikuwa likitungoja. Mchana tukirudi mama aliflashi, uzi ukampigia mume wangu, akatoka, akafunga mlango, na alipotukuta chini alikuwa tena mtu wa boda. Majirani walimsalimia hivyo hivyo, "Niaje, boda!" na hakuna aliyecheka. Mimi nilitembea nyuma yao na begi kila siku, roho mkononi kwenye kila ngazi. Niliogopa mmoja wao atateleza kwenye neno, amwite mwenzake anavyoitwa, na mama adai basi lake.

Hakuna aliyeteleza. Mionzi ilimwunguza ngozi, koo likakauka, uchovu ukamzidi, lakini hakukosa tena hata siku moja.

Asubuhi ya mionzi ya mwisho walikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, pale pale alipoangukia, mama aliposema kitu. Hakusema na mimi. Alikisema kwa Kiswahili, kwenye sikio la mtu aliyembeba, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kumwambia hata shikamoo.

"Kijana, wewe una mama mkwe?"

Mume wangu alisimama. Niliona mgongo wa jaketi ukipanda na kushuka.

"Ninaye, mama," akajibu.

"Basi ukimwona, mwambie alipata mtoto."

Alianza kuitafuta ngazi inayofuata kwa ncha ya kiatu, polepole sana, kwa sababu alikuwa haoni tena pa kukanyaga.